Chetezo uvunguni mwa kitanda

Zamani Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, walitambika mbuyuni au kwenye kibanda cha mizimu. Anayetambika leo Kurasini, kwenye chumba kimoja cha kupanga, hana mbuyu, na jirani anasikia kila kitu. Basi vyote huingia kwenye kijikapu chenye kifuniko: chetezo kidogo cha udongo, ubani, chupa ya marashi, kitambaa cheupe. Kazi ikiisha, kinarudi uvunguni.

Imani ni ya mwenyewe. Tatizo ni mlango. Ili majirani wasinuse, unafungwa, dirisha linazibwa kwa khanga, na watoto wamelala humohumo. Makaa yanayofukuta hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ubani unanukia, hiyo hainuki. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala anaweza asiamke.

Mzazi, fukiza nje, na makaa uyazime kabisa kwa maji; yaliyofunikwa majivu bado yanawaka. Mtoto akilegea, mtoe nje kwanza apate hewa, kisha kimbilia hospitali. Huko mtaje chetezo. Ukikificha kwa aibu, daktari ataanza na kipimo cha malaria.