Ngitili Hupimwa Kiangazi

Serikali ya Tanzania ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki kipara. Kwa miongo kadhaa miti ilifyekwa, kwanza ili kuangamiza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba. Tiba ilitoka kwa wenyeji: ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho masika na kuifungua kiangazi. Visiki vilivyokuwa bado hai vikachipua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizorejeshwa zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, anayetaka kujua kama hifadhi na maendeleo vinakwenda sambamba asiishie kwenye hekta. Aende Oktoba, mifugo inapoanza kudhoofika. Kati ya migunga, nyasi kavu zikiwa bado zimesimama, ulinzi upo. Akikuta udongo mtupu, machipukizi yametafunwa hadi kwenye kisiki, na majivu ya tanuri la mkaa pembeni, ajue kuna kaya iliyokosa njia nyingine ya kupata fedha.

Kisha aulize nani anafaidika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria faida ya ngitili kuwa takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Lakini wastani huficha mengi. Zipo ngitili za kaya na za jumuiya. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufunga eneo lake mwenyewe. Asiye na ardhi hutegemea la kijiji kwa kuni, dawa na nyasi za kuezekea. La kijiji likimegwa, wastani unaweza kupanda huku mnyonge akizidi kunyongeka.

Swali la mwisho ni la ulinzi. HASHI ilifungwa mwaka 2004. Tangu hapo mzigo uko kwa sungusungu (walinzi wa jadi), sheria ndogo na halmashauri za vijiji. Ngitili ya jumuiya ambayo haimo katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji ni rahisi kugeuzwa shamba. Ndiyo maana nashauri vijiji vianze kuandikisha ngitili za jumuiya kabla ya zile za watu binafsi. Mwaka wa ukame, kaya maskini kuliko zote ikipata kuni na malisho bila afisa wa mradi kusimamia, hapo tutakuwa na haki ya kusema mizani imekaa sawa.