Nyumba imepakwa, harufu haitoki

Chumba kilipakwa rangi wiki mbili zilizopita, na bado ukifungua mlango asubuhi harufu inakupokea kabla ya mwenyeji. Mama wa nyumba amekwisha kukata kitunguu na kukiweka dirishani, ameweka ndoo ya maji katikati ya chumba, amechoma ubani. Jirani kamwambia avumilie, itatoka yenyewe. Huku kwetu Maniema, tangu mitaa ya Kindu hadi nyumba zinazoizunguka hospitali ya Wamethodisti ya Tunda, hewa ni nzito kwa unyevu sehemu kubwa ya mwaka, rangi inakauka polepole, na usiku madirisha yanafungwa kwa hofu ya mbu na wezi. Mambo hayo yakikutana, harufu imepata pa kulala.

Kabla ya kutafuta dawa, ujue ni rangi gani inayonuka. Rangi ya maji ikiwa nzima haina kesi ndefu. Ina amonia kidogo, na vimiminika vinavyosaidia chembe zake kushikana ukutani; vikipata upepo, baada ya siku chache pua haivisikii tena.

Kesi ndefu ni ya rangi ya mafuta. Watu wanaipenda kwa sehemu ya chini ya ukuta, hadi kimo cha kifua, maana watoto wakiichafua kwa mikono unapitisha kitambaa chenye sabuni na yamekwisha. Lakini rangi hii hukauka mara mbili. Mara ya kwanza ni pale kiyeyushi chake, kile mafundi wanachokiita tina, kinaporuka hewani. Ndiyo ile harufu kali ya siku za mwanzo, ya kichwa kuuma, macho kuwasha na kizunguzungu. Mara ya pili ni kazi ya oksijeni. Mafuta yaliyomo kwenye rangi, mara nyingi ya kitani au ya soya, hunyonya oksijeni na kushikana yenyewe kwa yenyewe mpaka yanakuwa ngozi ngumu. Mafuta ya mawese hayana uwezo huo: yaanike mwezi mzima, yatabaki mafuta.

Katika kushikana huko vipande vidogo vinakatika na kuruka. Wanakemia wanaviita aldehaidi, na kimojawapo ni heksanali. Harufu yake unaijua bila kufundishwa: ni ya chupa ya mafuta ya kupikia iliyosahauliwa wazi nyuma ya jiko hadi yakaharibika. Kemia ni ileile. Kwa hiyo unaweza kubonyeza ukuta kwa ukucha, usione alama, ukasema umekauka, kumbe ndani yake kazi inaendelea kwa wiki kadhaa. Na kama fundi alikimbilia kupaka mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka vizuri, amefungia kiyeyushi chini ya ngozi, nacho kitatoka kidogo kidogo.

Kuna jambo moja linaloniumiza. Tina ikikosekana, au ikiwa ghali, wapo wanaozimua rangi kwa esansi ya pikipiki. Esansi ina benzini, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka benzini katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Mwaka 1989 shirika hilohilo liliiweka kazi yenyewe ya upakaji rangi katika kundi hilo. Anayelala kwenye chumba kipya kwa wiki chache hayuko sawa na fundi anayevuta mvuke huo miaka 30. Lakini fundi naye ni mtoto wa watu, na mwenye nyumba ana haki ya kumkataza asitumie esansi, na wajibu wa kumwachia madirisha wazi.

Harufu ya tatu ni ya uozo. Rangi ya maji ina maji na vinenesho ambavyo bakteria wanavila. Kopo likikaa muda mrefu kwenye joto, au likifunguliwa, likazimuliwa kwa maji ya kisima kisha likafunikwa tena, linaoza kama uji. Ukilifungua linapumua, rangi imekuwa nyepesi, na inanuka yai viza au maziwa yaliyochacha. Usiipake kwa kutumaini kwamba itakauka na harufu ife. Haifi, na kila mvua ikinyesha na ukuta ukipata unyevu inarudi. Kama imekwisha kupakwa, kwangua ile inayokubali kutoka, osha ukuta, uache ukauke kabisa, kisha uufunge kwa vanishi ya laka iliyoyeyushwa kwa alkoholi kabla ya kupaka rangi nyingine. Fanya hivyo madirisha yakiwa wazi, mbali na moto.

Kwa harufu nyingine zote, dawa kubwa ni joto na upepo vikifanya kazi pamoja. Saa sita mchana bati likipata moto, ukuta unatoa mvuke mwingi kuliko saa nyingine yoyote. Huo ndio wakati wa kufungua dirisha la upande huu na mlango wa upande ule, hewa ipite moja kwa moja. Kama kuna feni, igeuze itazame nje. Jioni unaweza kufunga kwa ajili ya mbu, maana malaria haisubiri rangi ikauke. Toa godoro, chandarua na nguo kabla ya kupaka, kwa kuwa vitambaa hunywa harufu na kuirudisha baadaye.

Kitunguu na ubani vinaifunika pua tu. Maua ya kwenye chungu yalipata sifa ya kusafisha hewa kutokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwenye nyumba ya kawaida ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Makaa ya mbabula yakiwekwa kabatini yanasaidia kidogo. Lakini usiwashe mbabula ndani ya chumba eti ukaushe ukuta: mvuke wa tina unashika moto, na makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi inayoua bila kunuka.

Wenye pumu, wajawazito na watoto wachanga wasilale humo siku mbili tatu za mwanzo hata kama ni rangi ya maji. Kama ni ya mafuta, wasubiri mpaka harufu itulie, hata ikichukua wiki moja au zaidi. Mama aliyetoka kujifungua, mpeleke na mtoto wake kwa bibi kabla fundi hajafungua kopo.