Fahamu: Jinsi mazoezi ya nguvu yanavyojenga ujasiri wa mchezaji

Mwaka 2019 Burundi ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Misri. Ikafungwa na Nigeria, Madagaska na Guinea bila kupata bao hata moja. Tukizungumzia maandalizi ya timu kama hiyo, tuzungumzie na mazoezi ya nguvu, kwa kuwa yanagusa akili pia.

Vipi? Mchezaji aliyeshindwa kuinua kilo 60 mwezi uliopita, leo akaziinua, ameona kwa macho yake kwamba juhudi inalipa. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kuwa mtu hujiamini zaidi kutokana na yale aliyoyaweza mwenyewe. Na mwaka 2018, watafiti waliojumlisha majaribio 33 walikuta mazoezi ya nguvu yanapunguza dalili za sonona.

Je, kijana anayepakia magunia mchana kutwa katika eneo la viwanda la Bujumbura, kisha jioni akaenda uwanjani, ameshafanya mazoezi hayo? Hapana. Mzigo wa kazini hauongezwi kwa hatua, wala haupi mwili nafasi ya kupumzika. Makocha, muulizeni kwanza amebeba nini leo, ndipo mumpangie vyuma.