Maili za Ndege au Dola Mkononi?

Kuanzia mwaka 2008, idara ya serikali ya Marekani inayotengeneza sarafu iliwauzia wananchi sarafu za dola moja kwa dola moja ileile, na kuwafikishia mlangoni bila nauli. Serikali ilitaka watu wazoee sarafu na kupunguza noti. Wajanja waliona fursa nyingine. Waliagiza masanduku kwa masanduku kwa kadi ya mkopo, wakayapeleka benki yakiwa hayajafunguliwa, wakalipa deni la kadi kwa fedha hizohizo na kubaki na maelfu ya maili za ndege. Julai 2011 idara hiyo ikaacha kupokea kadi kwa mauzo hayo.

Mwanya huo ulizibwa, lakini benki za Marekani bado zinashindana kuwazawadia wateja wao, na zawadi zenyewe ni za aina mbili. Shirika la American Airlines lilianzisha mpango wake wa maili mwaka 1981, na mwaka 1987 likashirikiana na Citibank kutoa kadi inayompa mteja maili kila anaponunua kitu. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1986, kampuni ya Sears ilileta kadi ya Discover, isiyo na ada ya mwaka, iliyomrudishia mteja sehemu ya fedha alizotumia.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi Dallas, Minneapolis au Seattle, mwenye wazazi wanaomsubiri nyumbani, maili zina mvuto wa pekee. Tiketi ya kwenda na kurudi Dar es Salaam mwezi Desemba inaweza kupita dola 1,500 kwa mtu mmoja. Akisikia kwamba manunuzi ya sokoni na mafuta ya gari yanaweza kumfikisha kwao, lazima asikilize. Ila kabla ya kujaza fomu, apige hesabu.

Chukua familia inayopitisha dola 1,500 kwa mwezi kwenye kadi, yaani 18,000 kwa mwaka. Citi Double Cash haina ada ya mwaka na hurudisha asilimia mbili: moja unaponunua, moja unapolipa deni. Mwaka ukiisha, familia ina dola 360, na inaweza kuzitumia kwa karo, kodi ya nyumba au tiketi ya ndege ya shirika lolote.

Sasa weka matumizi hayohayo kwenye Chase Sapphire Preferred, yenye ada ya dola 95. Kadi hii hutoa pointi tatu kwa kila dola inayoliwa mgahawani, mbili kwa safari na moja kwa mengi yaliyobaki. Wastani ukiwa pointi moja na nusu, familia itakusanya pointi 27,000. Zikibadilishwa kwa senti moja kila moja ni dola 270. Toa ada, zinabaki 175. Ili kuifikia ile kadi ya kwanza, kila pointi lazima ifanye kazi ya takriban senti 1.7.

Inawezekana. Pointi hizo huhamishwa kwenda mipango ya mashirika ya ndege. Maili za mpango wa Flying Blue hukata tiketi ya shirika la KLM, linalotua Kilimanjaro na Dar es Salaam, na maili za United hutumika kwenye ndege za Ethiopian kupitia Addis Ababa. Anayesafiri peke yake, mwenye uhuru wa kuondoka Februari au Oktoba, anaweza kupata thamani hiyo na zaidi. Zawadi ya kujiunga, ambayo mara nyingi ni pointi 60,000 au zaidi, huunyanyua mwaka wa kwanza kabisa.

Ugumu ni wa wazazi wenye watoto shuleni. Wao husafiri shule zikifungwa, wakati kila mtu anasafiri, na viti vinne vya maili kwenye ndege moja ni adimu. Bei nayo haitabiriki. Shirika la ndege la Delta liliondoa majedwali yaliyoonyesha bei za tiketi kwa maili mwaka 2015, na United ikafuata mwaka 2019. Maili zilizotosha tiketi mwaka jana huenda zisitoshe mwaka huu, na mteja hana wa kumlalamikia.

Ni haki kusema pia kwamba kadi ya kurudishiwa fedha ina udhaifu wake ukishafika nyumbani. Nyingi, ikiwemo Double Cash, hutoza asilimia tatu kwa malipo ya nje ya Marekani. Bili ya hoteli ya dola 1,000 kule Zanzibar itakurudishia dola 20 na kukukata 30. Kadi nyingi za safari hazina makato hayo.

Lakini kuna kundi ambalo halipaswi kuchagua kadi yoyote kwa ajili ya zawadi: wanaobeba deni mwezi hadi mwezi. Tangu mwaka 2023 riba ya wastani ya kadi Marekani imekuwa juu ya asilimia 20. Deni la dola 2,000 likikaa mwaka mzima kwa asilimia 21 linazaa riba ya karibu dola 420, na zile 360 zimekwisha kumezwa. Watumaji fedha nao wawe macho: ukimtumia mama kwenye M-Pesa kwa kadi ya mkopo, benki nyingi huhesabu kwamba umechukua fedha taslimu. Hutoza ada, mara nyingi asilimia tano, riba huanza siku hiyohiyo, na pointi hupati. Tumia kadi ya benki ya kawaida au akaunti yako.

Suala la zawadi hizi ni zito kuliko mfuko wa mtu mmoja. Zawadi hulipwa kwa riba za wenye madeni na kwa makato wanayotozwa wenye maduka, ambao huyapandisha kwenye bei za wote. Ulaya, ambako sheria ya mwaka 2015 iliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato ya msingi ya kadi za mkopo, zawadi ni hafifu. Utafiti uliotolewa na Benki Kuu ya Marekani mwaka 2023 ulikadiria kwamba kila mwaka dola bilioni 15 huhama kupitia zawadi hizi, kutoka kwa maskini na wenye elimu ndogo kwenda kwa matajiri na wasomi. Wahamiaji wapya, wanaojifunza mfumo huku wakilipa gharama zake, wanastahili kuelezwa hili mapema.

Aliyekwisha kuchukua kadi ya safari na kuona haimfai hana haja ya kuifunga kwa hasira. Apige simu benki kabla ada ya mwaka wa pili haijakatwa na kuomba kuhamishiwa kadi isiyo na ada. Benki nyingi hukubali, na umri wa akaunti, unaohesabiwa katika alama zake za mkopo, hubaki palepale.