Kuzibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua

Kwa miaka mingi, Watanzania wengi wenye maradhi ya moyo walipelekwa India kutibiwa. Leo mishipa ya moyo iliyoziba huzibuliwa jijini Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 huko Muhimbili.

Daktari hupenyeza mrija mwembamba kupitia mshipa wa mkono au wa paja, huku akiufuatilia kwa picha za eksirei hadi kwenye moyo. Puto dogo hutunishwa mahali palipoziba, likayabana mafuta kwenye kuta za mshipa. Kisha huachwa hapo kijibomba cha wavu wa chuma, yaani stenti. Mgonjwa kwa kawaida huwa macho. Njia hiyo ya puto ilianzishwa na daktari Mjerumani, Andreas Grüntzig, mjini Zürich, Uswisi, Septemba 1977.

Tatizo kubwa ni muda. Mshipa ukiziba ghafla, msuli wa moyo huanza kufa kabla ya saa moja kupita. Miongozo ya madaktari wa Ulaya yaelekeza kwamba, iwapo mshipa hauwezi kuzibuliwa kwa mrija ndani ya dakika 120, mgonjwa asiye na kizuizi cha kiafya apewe kwanza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ndipo asafirishwe. Kwa mkaazi wa Kigoma, aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Muhimbili, kipimo cha umeme wa moyo na dawa hiyo havina budi kupatikana huko huko Kigoma.