Na mwenzio, umempa pole?

Hebu niambie ukweli, msomaji wangu. Ikitangazwa kwamba bomu limelipuka mahali na watu wamekufa, wewe na mwenzio huwa mnafanya nini? Wengi wetu tunashika simu, tunaweka picha ya mshumaa Facebook, tunaandika "pole zao", halafu tunaulizana usiku tutakula nini. Sikusemi wewe. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyofanya mwaka 2015, na nusura uchumba wangu uvunjike.

Lakini nianzie nyumbani, Kolandoto, Shinyanga.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kesho yake Nane Nane. Nilikuwa darasa la tatu na akili yangu yote ilikuwa kwenye wali wa sikukuu. Jioni baba akafungua redio yake ya betri. Radio Tanzania ikasema balozi za Marekani zimelipuliwa kwa mabomu, Nairobi na Dar es Salaam, asubuhi moja, kwa kupishana dakika chache tu. Ubalozi sikujua ni mdudu gani. Nilichoona ni mama kuinuka, kuchukua khanga na kutoka bila kuaga.

Alikwenda kwa jirani yetu, mama mmoja ambaye mtaa mzima tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Kijana wake alikuwa mlinzi Dar es Salaam. Analinda wapi? Hakuna aliyejua. Barua yake ya mwisho ilisema tu amepata kazi ya kulinda kwa wazungu. Kha! Mji wote ule, wazungu wangapi?

Simu za mkononi kwetu zilikuwa bado. Mjomba wake akapanda baiskeli kwenda Shinyanga mjini kutafuta simu, na sisi huku nyuma tukasubiri. Hakukuwa na maiti wala taarifa ya kifo, lakini uwanja wa Mayu ulijaa kama kuna msiba. Wanaume wakakoka moto nje. Kina mama wakaja na kuni kichwani, unga, ndoo za maji, na michembe ya kutafuna usiku. Wengi hawakusema neno zaidi ya pole. Wakakaa chini, wakanyoosha miguu. Walilala pale siku tatu.

Siku ya nne habari zikaja. Mzima! Alikuwa analinda ghala, upande mwingine kabisa wa mji. Vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wakakimbia. Mimi nikajua sasa kila mtu atabeba ndoo yake aende zake. Mayu akawaambia wasiondoke, wale kwanza chakula kilichoko jikoni, maana kuna mwanamke mwingine mahali fulani ambaye mtu wake wa baiskeli hakurudi na habari nzuri. Basi wakakaa, na mama yangu akalia upya. Alikuwa anamlilia mtoto wa mtu asiyemjua hata jina.

Nilipokua nikasoma kwamba yule mwanamke alikuwepo kweli, tena hakuwa mmoja. Dar es Salaam walikufa watu 11 na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Kati ya hao 11 hakuna Mmarekani hata mmoja. Wengi walikuwa watu wa kazi kama kijana wa Mayu, wakiwemo walinzi wa getini. Pale getini kulikuwa na boza la maji, na ndilo lililolizuia lori la bomu lisiingie ndani, la sivyo tungehesabu wengine. Nairobi hali ilikuwa mbaya zaidi: watu 213 walikufa na maelfu wakaumia. Raia walifukua vifusi kwa mikono mitupu, wengine wakapanga foleni kutoa damu bila kuuliza inakwenda kwa nani.

Pasaka ya Garissa

Sasa turudi kwenye uchumba wangu. Alhamisi kabla ya Pasaka, tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya. Waliwatenga wanafunzi kwa dini, wakaua Wakristo. Watu 148 walipoteza maisha, karibu wote wanafunzi. Nilikuwa naishi Dar es Salaam, nina miaka 26, na pete kidoleni niliyovishwa na kijana Mwislamu.

Nikaweka mshumaa wangu Facebook. Nikaangalia ukurasa wake: kimya. Ijumaa kimya, Jumamosi kimya. Alipokuja kunitembelea sikuvumilia, nikamuuliza mbona hajaandika kitu.

"Niandike ili nani aone?"

"Watu wajue uko upande gani."

Hapo akaweka kikombe chini. "Kazini nimeulizwa mara mbili hilo hilo. Sasa na wewe?" Akavaa viatu, akaondoka. Chai ilikuwa bado inatoa moshi.

Siku ya Pasaka mama akapiga simu kutoka Kolandoto. Nikamsimulia yote, nikijua lazima ataniunga mkono. Akanyamaza kidogo.

"Na yeye umempa pole?"

"Pole ya nini, mama? Kwani amefiwa?"

"Si anaswali?"

"Anaswali, mama."

"Jina la dini yake limetumika kuua watoto wa watu. Wewe unaona hajafiwa?"

Nilimpigia simu usiku huo. Kwenye nyumba niliyopanga, chini yangu alikaa mama mmoja Mkenya, na mtoto wa ndugu yake alikuwa akisoma pale Garissa. Jumatatu jioni tukaenda wote wawili, mchumba wangu amebeba sukari na majani ya chai. Nchini kwake watu walikuwa kwenye siku tatu za maombolezo ya taifa, familia zimepanga mstari Chiromo kutambua maiti. Yeye alikuwa Dar, peke yake na simu yake.

Tulikaa saa mbili. Katikati ya kilio yule mama akasema maneno makali sana juu ya Waislamu, wote kwa jumla. Hakujua anayempimia sukari ni nani. Mimi moyo ulinienda mbio, nikataka kusema kitu. Mchumba wangu akanigusa goti kwamba ninyamaze. Akamwambia tu, "Pole, mama. Pole sana." Akaosha na vikombe.

Kwenye ngazi ndipo nikaona mikono yake inatetemeka. Maneno yote ya digrii yangu ya mawasiliano yalikuwa yamenipotea, nikamwambia pole. Akakaa pale pale kwenye ngazi, akalia.

Desemba mwaka huo huo basi lilisimamishwa na al-Shabaab huko Mandera. Abiria Waislamu wakagoma kutengwa na Wakristo. Kina mama waliwapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akiwatetea, akafariki hospitalini Januari 2016. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, *Watu Wote*, iliyoshindania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Itazameni mkiwa wawili, tena kwa mume wangu (ndiyo, alinioa!) andaa leso.

Na jambo moja linaniudhi, acha niliseme. Zile picha za maiti zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, eti "ili tujue ukatili". Shoga yangu, kaka yangu, yule ni mtoto wa mtu. Kule Nairobi, siku chache baada ya Garissa, watu walikusanyika Uhuru Park na mishumaa, wakaweka picha za wanafunzi wakiwa hai, wanatabasamu, na majina yao. Tofauti unaiona mwenyewe.

Agosti iliyopita tulikwenda Kolandoto. Kijana wa Mayu alisharudi zamani, analima mpunga na ana mvi. Mayu mwenyewe masikio yamechoka, kila siku anamuuliza mume wangu jina lake, naye kila siku anamtajia. Tulipokuwa pale jirani wa nyumba ya tatu akafiwa. Mayu akamtazama mume wangu, akaonyesha kwa fimbo palipo na shoka.

"Wewe mwenye jina refu, kuni."