Kupunguza Uzito Bila Kujimaliza

Wiki mbili za kwanza huwa tamu. Mtu ananunua raba, anaamka alfajiri, anakimbia kando ya barabara ya Kisii na kurudi mjini Oyugis akiwa ameloa jasho, na mizani inamtuza kwa kushuka kilo mbili. Wiki ya tatu mizani inagoma. Magoti yanauma, usingizi unakatika saa nane za usiku, watoto wanafokewa kwa kosa la kumwaga chai. Hapo ndipo wengi hukata shauri baya: wanaongeza kilomita na kupunguza chakula. Ikifika wiki ya sita raba ziko uvunguni na kilo zimeanza kurudi.

Majirani husema ni uvivu. Mara nyingi ni mwili uliotumikishwa kupita unavyolishwa na kupumzishwa.

Wanaoanza wana sababu nzuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na uzito huo huandamana na presha na kisukari. Anayeambiwa kliniki apunguze uzito hutoka na hofu, lakini ni nadra kutoka na maelezo ya aanzie wapi na akomee wapi. Hata zile kilo mbili za mwanzo hupotosha, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji. Mwili huhifadhi sukari kwenye misuli na ini pamoja na maji, na akiba hiyo inapotumika maji nayo hutoka. Mafuta huondoka polepole zaidi. Kwa hiyo mizani inapogoma wiki ya tatu, huenda hakuna lililoharibika.

Oyugis ni mji wa soko katika Kaunti ya Homa Bay, na hilo lina uzito wake katika hesabu hii. Chukua mfano wa mama anayeuza viazi vitamu. Kabla jua halijapanda amekwisha kulima kipande cha shamba kwa jembe na kuteka maji. Kisha anahangaika na magunia yaliyoshuka kutoka Kabondo, anasimama kwenye kibanda hadi jioni, na ndipo anavaa raba kwenda “kufanya mazoezi”. Usiku anaruka ugali kwa sababu ameambiwa unanenepesha, anakunywa chai ya rangi na kulala. Katika daftari lake ameandika nusu saa ya mazoezi. Mwili wake umehesabu saa kumi.

Karani anayekaa ofisini kutwa nzima, au dereva wa boda boda asiyeshuka kwenye pikipiki, ana haja tofauti kabisa. Hao wakipewa ratiba moja na yule mama, wao watafaidika na yeye atavunjika.

Siri iko katika namna mwili unavyopanga nguvu zake. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Ni watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Watafiti walitarajia kuona wakitumia kalori nyingi mno. Walipolinganisha watu kwa ukubwa wa miili, walikuta matumizi ya Wahadza kwa siku hayapishani na ya Wamarekani na Wazungu waliozoea viti. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti: kazi ikizidi upande mmoja, unabana matumizi upande mwingine, kama vile kinga dhidi ya magonjwa, homoni za uzazi na ukarabati wa misuli.

Chakula nacho kikipunguzwa, hali huwa mbaya haraka. Kati ya mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walikonda, lakini mapigo ya moyo yalipungua, wakahisi baridi, wakawa wakali na wenye huzuni, na mawazo yao yote yakageukia chakula. Hao walikuwa vijana wenye nguvu waliochaguliwa kwa uzima wao.

Basi mtu atatofautishaje uchovu wa kawaida na ule wa hatari? Uchovu wa kawaida una mwisho: misuli huuma siku moja au mbili baada ya zoezi jipya, halafu mtu huamka mwepesi. Wa hatari hauondoki hata baada ya kulala. Mwendo uliokuwa rahisi mwezi uliopita sasa unamtoa mtu pumzi. Usingizi hauji ingawa mwili umechoka taabani. Mafua hayaishi, hamu ya kula inapotea au inageuka kuwa ulafi wa usiku, na wazo la kuvaa raba linaleta karaha. Kwa wanawake, hedhi kuvurugika au kukoma ni dalili nzito. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa waraka maalumu kuhusu madhara ya kula kidogo kuliko mazoezi yanavyodai, kwa wanawake na kwa wanaume pia.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Ukifanya hivyo kwa wiki moja utaijua kawaida yako. Yakipanda kwa mapigo matano hadi kumi kwa siku kadhaa mfululizo, ama mwili haujapona kazi ya jana, ama kuna ugonjwa unaokuja.

Neno ugonjwa halipaswi kurukwa katika Kaunti ya Homa Bay. Malaria ipo mwaka mzima, na upungufu wa damu ni jambo la kawaida, hasa kwa wanawake; vyote huleta uchovu unaofanana kabisa na wa mazoezi. Ugonjwa wa selimundu nao upo katika ukanda huu wa ziwa, na mwenye nao hapaswi kujisukuma kupita kiasi wala kukimbia bila maji. Anayepata maumivu ya kifua, kuzirai au mkojo wa rangi ya chai nyeusi baada ya mazoezi aende hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo wa namna hiyo unaweza kumaanisha kwamba misuli imevunjika na inaziba figo.

Wanaojua thamani ya kwenda polepole ni wale wale wanariadha tunaowaona kama mashine. Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1:59:40 mnamo Oktoba 12, 2019, ameeleza mara nyingi kwamba mazoezini hajisukumi hadi mwisho. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hufanya kazi kwa karibu asilimia 80. Siku nyingine nne ni nusu tu ya uwezo wake. Kwa upande mwingine, kocha wa marehemu Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa marathoni, Gervais Hakizimana, alikiri hadharani mwaka 2023 kwamba mzigo wa kijana wake ulimtia hofu, kwa kuwa kilomita zilizidi 250 kwa wiki na mapumziko yalikuwa haba. Ikiwa kocha wa mtu aliyeweka rekodi ya dunia aliona kuna mpaka, mwenye kutafuta kupunguza kitambi ana sababu zaidi ya kuuheshimu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Wastani maana yake ni mwendo ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Dakika 150 ni matembezi ya nusu saa kwa siku tano, na aliyelima asubuhi nzima amekwisha timiza sehemu yake; siku hiyo ajinyooshe tu na kulala mapema. Anayeanza aongeze dakika kidogo kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne apunguze mzigo makusudi. Njia ya kupanda kuelekea Kisii aiachie siku moja kwa wiki.

Mezani, hesabu ni kali kuliko barabarani. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 hutumia takriban kalori 400. Chapati mbili na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari nyingi huzirudisha. Ndiyo maana kupungua huanzia kwenye sukari, soda na mafuta ya kukaangia, wala si kwa kufuta mlo mzima. Ugali kiasi cha ngumi, omena, maharagwe na sukuma wiki nyingi hushibisha na kulinda misuli.

Aliyekwisha kuchoka kupita kiasi aache kukimbia kwa wiki moja hadi mbili, atembee tu, ale milo yote na alale saa saba hadi nane. Mizani apande mara moja kwa wiki mbili. Kiuno akipime kwa futi ya fundi cherehani, kwa kuwa mara nyingi hupungua wakati kilo zimesimama. Nguvu zikirudi aanze na nusu ya mzigo wa zamani. Zisiporudi baada ya wiki mbili, aende kituo cha afya apimwe malaria, wingi wa damu, sukari na presha, na amweleze mhudumu saa zote anazofanya kazi, za shambani na sokoni zikiwemo.